Uwanja wa Umoja

Kigingi cha tatu walikipiga kichwani pa Privatus.

Leonsia alikuwa amechutama penye mafiga akipuliza kuni mbichi, moshi ukimtoa machozi, aliposikia mti ukizama ardhini. Akaacha sufuria. Wanaume wawili wa kamati walikuwa wamevuta kamba kutoka njia ya ziwani hadi katikati ya migomba yake, na mwenye nyundo alikuwa amekanyaga mawe matatu bila kuyatazama.

"Hapo kuna mtu," Leonsia alisema.

"Mtu gani, mama?"

"Mume wangu."

Mwenye nyundo akashuka upesi. Hakuwa mtu mbaya. Akakichomoa kigingi, akakisogeza hatua moja pembeni, kisha akaitazama kamba jinsi ilivyokaa upogo. Akakirudisha palepale.

"Kamba haipindi, mama. Kamwone mwenyekiti."

Privatus alivuka ziwa kwa meli miaka mingi nyuma, kuja kubeba marobota ya pamba bandarini. Alikuja na machipukizi ya migomba ya kwao ameyafunga kwenye gunia. Marobota yalimvunja mgongo, migomba ikamlisha. Alipokufa, Leonsia alimzika humohumo, kwa kuwa Mhaya halali makaburini kwa watu, hulala kwenye kibanja chake, migomba imfunike. Mwaka huo wa sabini na tano ulikuwa wa nane tangu azikwe. Ndizi za kibanja ndizo Leonsia alizokula, na zilizobaki alizipeleka kichwani hadi sokoni Mkuyuni. Hati ya shamba hakuwa nayo. Ardhi ilikuwa ya wananchi, na mwananchi, kama ijulikanavyo, hana saini.

Kamati ya Umoja na Utamaduni ya Nyamhele ilikuwa na mwenyekiti, Chenge, na katibu, Rwegasira, mwalimu mwenye miwani. Jumamosi ile kamati ingefanya Siku ya Makabila. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wajaluo na Wahaya wangeonyesha mila zao mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani, watu wajue kwamba sote ni ndugu. Uwanja uliokuwapo uliishia kwenye migomba ya Leonsia, na kamati iliona kwamba udugu unahitaji nafasi zaidi. Mgeni angetangaza upanuzi, na Jumatatu baada ya sherehe migomba ingefyekwa.

Chenge alimpokea Leonsia ofisini kwa furaha. "Huyu ndiye Mhaya wetu. Wenzako wote hapa mjini wamekuwa maofisa, wanavaa tai. Nani atatuvalia nguo ya magome ya mti?"

"Nimekuja kwa ajili ya kaburi, Ndugu Mwenyekiti."

"Kaburi litahamishwa. Kuna makaburi ya serikali."

"Nani atamhamisha?"

Chenge akageukia karatasi zake. "Mama, kwenye duka la ushirika, mkono wa nani unaandika majina ya wanaopata unga?"

Kila mtu aliujua mkono huo; ndio uliokuwa ukizipanga karatasi mezani.

Rwegasira ndiye aliyemsindikiza nje. Alikuwa mtu wa kwao, na Jumapili akitoka kanisani alikuwa akipita kwake kusalimia. "Mama, wewe ndiye utakayempa mgeni kahawa ya kutafuna. Ukishampa, mwambie shida yako mwenyewe. Mimi nitatafsiri."

"Ya kutafsiri nini, mwanangu? Kiswahili nakijua."

"Nani asiyekijua? Lakini ratiba inasema kila kabila na lugha yake. Ndiyo mapambo ya siku yenyewe."

Leonsia alirudi nyumbani moyo umepoa kidogo. Kwao, aliyetafuna kahawa kutoka mkononi mwako ameingia nyumbani mwako. Hawezi tena kukunyooshea mkono, wewe wala kilicho chako. Wazee walizichovya buni hizo katika damu wakala udugu, na waliouvunja udugu huo walizikwa mapema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akajisemea. Alisahau kwamba Rwegasira ametafuna kahawa nyumbani mwake Jumapili zisizo na idadi, na bado kamba ilivutwa yeye akiwa katibu. Lilikuwa kosa ambalo Mhaya peke yake angeweza kulifanya, naye alilifanya kwa moyo wake wote.

Jumamosi jua liliwaka mapema. Mgeni rasmi aliketi chini ya turubai, mtu mnene mpole, akipepewa kwa ratiba. Wakerewe waliimba. Wajaluo walipiga nyatiti, zeze lao. Kisha kipaza sauti kikawaita Wahaya, na Wahaya akatokea mmoja, amevaa magome yanayomwasha shingoni, akapiga magoti na kukinyoosha kikapu kwa mikono miwili.

Mgeni rasmi akachukua buni mbili, akatafuna.

"Chungu kidogo," alisema, na watu wakacheka.

Leonsia aliyatazama mataya yake mpaka alipomeza. Hapo ndipo alipovuta pumzi. Akasema kwa Kihaya, taratibu, bila kutetemeka: baba, umetafuna kahawa yangu, sasa wewe ni wa nyumbani. Mume wangu amelala pale penye kigingi cha tatu. Sikatai uwanja. Naomba kamba ipinde hatua tano tu, nimwachie kivuli.

Rwegasira alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Alimtazama Chenge. Hakumtazama Leonsia.

"Mama anasema," alianza, akakohoa, "anasema kwa mila ya Wahaya kahawa hii ni udugu. Na kwa ajili ya udugu huo, shamba lake lote analitoa kwa wananchi wa Nyamhele."

Makofi yakalipuka uwanja mzima. Leonsia alikuwa ameelewa kila neno.

"Sikusema hivyo," alisema kwa Kiswahili.

Mgeni rasmi akainama kuelekea kwa katibu, mkono sikioni. "Anasemaje?"

"Anashukuru," Rwegasira alisema. "Anasema alichotoa ni kidogo."

Mgeni rasmi akasimama, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Alisema mama huyu amewafundisha Ujamaa kuliko vitabu. Kisha akawaona wachezaji wa bugobogobo waliokuwa wakingoja zamu yao, wanaume kumi na tano wa Kisukuma na majembe mabegani.

"Majembe wanayo," alisema. "Kwa nini walime hewa? Uhuru na kazi. Tusingoje Jumatatu."

Ngoma ikaanza. Mstari ukaondoka uwanjani ukicheza, majembe yakirushwa juu na kudakwa, ukavuka kamba na kuingia kwenye migomba. Mgomba haukatiki kwa kelele. Ulianguka wa kwanza, wa pili, na maji yake yakawatapakaa wachezaji miguuni. Aliyeongoza mstari alikuwa Ndalahwa, jirani wa Leonsia, aliyeshika kamba ya kuteremshia jeneza la Privatus miaka minane iliyopita.

Teodora, mama wa kamati mwenye kusimamia wanawake, akachutama kando ya Leonsia. "Piga kigelegele, mama. Wageni wanakutazama."

"Lile ni kaburi, Teodora."

"Najua. Sote tunajua. Piga tu."

Leonsia alijaribu kuinuka, lakini mkono wa Teodora ulikuwa begani mwake, mzito, na watu wa mbali waliona mama mmoja akimkumbatia mwenzake. Kigelegele akakipiga Teodora mwenyewe, na wanawake wa nyuma wakakipokea.

Ndalahwa alikuwa amefika kwenye mawe matatu. Jembe lake lilipaa, likakaa juu. Likakaa zaidi ya walivyozoea. Mwenzake wa nyuma alimgonga mgongoni, mstari wote ukayumba, na mpiga ngoma, akidhani wamechoka, akaongeza mwendo.

Ndalahwa alikuwa mchezaji hodari, na tangu utoto wake alikuwa hajawahi kuachwa na ngoma. Akashusha jembe.

Mgeni rasmi alipiga makofi kwa kufuata mapigo, na makabila yote ya Nyamhele yakapiga pamoja naye.