Ubeti wa Lydia

Jumamosi ile santuri zilipofika, Lydia alikuwa ameuza mikungu yake yote ya ndizi na sasa anapumzisha miguu barazani kwa fundi cherehani Dismasi, karibu na soko la Arusha. Ulikuwa mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza. Dismasi alikuwa ameshona bendera ndogondogo mpaka vidole vikavimba, na kwa malipo yake akajinunulia gramafoni. Solomoni, mwana pekee wa Lydia, akaja mbio kutoka kwenye basi la Nairobi akiwa na jalada gumu kifuani. Ndani mlikuwa na santuri nne, nyimbo nane. Juu ya jalada alikuwa yeye mwenyewe na gitaa lake, amevaa tai ya kuazima.

"Shikamoo mama. Ndizo hizi."

"Marahaba, baba. Weka tusikie."

Nyimbo zote nane Lydia alizijua, maana alizitunga yeye, akikata majani ya ng'ombe kule mlimani Meru. Wanawake wa upande ule wana desturi yao: ukiimba wimbo wa mwenzako, ubeti wa mwisho unamtaja mwenye wimbo, jina lake na la baba yake. Usipomtaja umeiba, hata kama amekuzaa. Tangu utoto wake Solomoni aliuimba ubeti huo harusini na kwenye sherehe za kipaimara, bila kukosa: Lydia binti Sadoki, wimbo ni wako.

Dismasi akateremsha sindano. Sauti ikatoka safi, wapita njia wakasimama. Kabla ya ubeti wa mwisho wimbo ukakatika. Lydia akatazama mguu wake wa kushoto, akaona kidole kidogo hakipo. Alipokigusa alikisikia, ila hakikuonekana.

"Mbona umeishia hapo?" akauliza.

"Upande mmoja ni dakika tatu, mama. Kule studio taa nyekundu ikiwaka unanyamaza."

"Na nyingine?"

"Zote ni hivyo hivyo."

Walizisikiliza zote. Ya mwisho ilipokwisha, kanga ya Lydia iliishia hewani, miguu haionekani. Dismasi akaitazama, akasema, "Pole, Mama Solomoni. Wangekuandika hata pembeni," akarudi kwenye cherehani yake.

Nyimbo zilipendwa. Zilipigwa kwenye hoteli za mjini, zikafika Moshi, zikateremka mpaka Mombasa, na popote sindano ilipoinuliwa Lydia alipungua kidogo. Nguo nazo zilitoweka pamoja naye. Mavuno ya kahawa yalipoanza alikuwa amebaki kilemba na mikono miwili, na mikono hiyo ilichuma kahawa kama kawaida. Watu walizoea. Kanisani mgeni mmoja alimkalia, akaomba radhi, akasogea. Kwenye mfereji, zamu yake ya maji ilipofika, jirani yake Tabea alitazama huku na huku, akayageuzia maji shambani kwake.

"Tabea! Nipo hapa."

"Sasa mwenzangu, si useme mapema? Maji yameshakwenda."

Ilimuuma Lydia, na hakuficha. Aliposikia vijana wakipiga mluzi nyimbo zake barabarani roho ilimsuuzika, kisha akatazama palipokuwa na kifua chake, akalia kwa hasira. Alijaribu kujiimbia ubeti ule mwenyewe, lakini haukumsaidia kitu. Mtu hajishukuru. Solomoni alipomwimbia siku moja jikoni, mkono wa kushoto, uliokuwa umeanza kufifia, ulirudi wote mpaka kwenye kwapa, wakacheka. Wiki ile hoteli moja mjini ikapiga santuri zake mchana kutwa, mkono ukaondoka tena.

"Nenda ukawaambie," akasema Lydia. "Wakate ubeti mwingine. Wakate ule wa mbuzi, hauna maana."

Solomoni alikwenda Nairobi kweli. Aliporudi alikaa kwanza, akanywa maji.

"Bwana wa kampuni amesema ule wa mbuzi ndio wanaoupenda. Na amesema wa Mombasa hawamjui Lydia."

"Wewe ukasemaje?"

"Nilinyamaza, mama. Wanataka jalada la pili, nyimbo mpya."

Mkono wa kulia na kilemba viliondoka kabla ya Krismasi. Mwezi wa pili, asubuhi moja, Solomoni alikuja na gitaa na saa mpya ya mkononi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Upo?"

"Marahaba. Nipo. Kaa."

Alikaa, wakanywa chai. Lydia hakutaka kumpa wimbo. Alimwambia hivyo waziwazi, akamwambia na jina la tendo lile, na Solomoni akainamisha kichwa. Lakini nyimbo zilikuwa zimemjaa kifuani tangu masika, na dunia nzima hakukuwa na mwingine wa kumwimbia. Akaanza. Solomoni akamfuata na gitaa, macho kwenye saa.

"Hapo, mama," akasema baadaye. "Hapo panatosha."

Lydia akanyamaza. Akasikia uchungu ule ule, mpya kabisa, nao haukumzuia kumfungia ndizi za kuiva za safarini.

Basi lilikuwa karibu kuondoka. Solomoni akasimama, gitaa begani, akanyoosha mkono wa kwaheri upande wa dirisha, ambako hapakuwa na mtu. Lydia alikuwa mlangoni. Akazunguka jiko, akaenda kusimama dirishani, akaushika.