Risiti Zilizofumuliwa

Wewe umewahi kushona kitu, kikakaa sawasawa, kisha ukakifumua kwa makusudi? Mimi nimefanya hivyo miaka minne mfululizo. Na wala haikuwa nguo. Zilikuwa risiti za duka langu, na nilizifumua kila ulipokaribia wakati wa kupeleka hesabu ofisi ya kodi.

Duka lenyewe ni la vifaa vya kushonea. Ukinyoosha mikono yote miwili, huu unagusa ukuta na huu unagusa rafu. Nauza nyuzi, zipu, lastiki, sindano za mkono na za cherehani. Vifungo naviweka kwenye chupa za kioo, na kila chupa nimeigandishia kifungo kimoja kwa nje, ili mteja aone bila kuuliza. Nyuma ya duka kuna chumba changu na jiko dogo. Mume wangu ndiye alikuwa mtu wa makaratasi. Alipofariki nilibaki na chupa zangu na boksi la risiti.

Mwaka ule wa kwanza kweli sikujua kitu. Barua ya kodi ilipokuja niliisoma mara tatu, nikaambulia tarehe tu. Nikampigia binti yangu, mwanangu wa pekee, anayekaa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Akaomba ruhusa kazini, akaja Ijumaa jioni. Tulitandika mkeka, akamwaga boksi lote katikati.

"Mama wee! Unauza vifungo au unauza fujo?"

"Nauza vyote. Fujo natoa kwa bei ya jumla."

Alicheka mpaka akajilaza juu ya hizo risiti. Siku tatu alinifundisha: manunuzi huku, mauzo huku, pango na umeme pale. Tulilala kitanda kimoja, na asubuhi akalalamika kwamba nakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta. Jumatatu akaondoka. Niliosha vikombe viwili, nikavipangusa, nikasimama navyo mkononi kama mtu aliyesahau kabati liko wapi.

Mwaka wa pili nikajitia hodari. Kila mwisho wa mwezi nilipanga risiti kwa tarehe, nikazipiga bandi pembeni, mshono wa matundu matatu, kila mwezi na uzi wa rangi yake. Mwezi wa kwanza mweupe, wa pili bluu, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili. Ule wa nane, ambao biashara hulala, niliupa kijivu. Nikampigia binti yangu kujisifu.

"Hongera, mama! Basi hakuna haja ya kuja. Mwambie jirani azipige picha anitumie."

Jirani yangu, fundi viatu, akaja na simu yake. Nusu saa haikufika. Binti yangu akajaza fomu huko huko kwake, na mwaka ule sikumwona kabisa. Likizo yake aliitumia na watoto wake. Walikuwa wadogo, simlaumu.

Ndipo nikaanza kufumua.

Kila mwaka, wiki mbili kabla, nilifunga mlango wa duka mchana, nikachukua wembe, nikakata mshono mmoja mmoja na kuvuta uzi taratibu ili karatasi isichanike. Kisha nikazivuruga zote ndani ya boksi kama mtu anayekanda unga, nikapiga simu. "Mwanangu, mambo yameniharibikia." Angeweza kusema hana nafasi kwa sherehe, au kwa homa yangu ndogo. Kwa kodi hakusema. Hata bosi wake, akisikia kodi, alimwachia bila maswali. Na akifika tulikaa siku tatu mkekani, mimi nikijifanya sijui Machi inatangulia nini.

Mwaka huu nilikuwa nimeshafua mashuka. Nilikuwa nimenunua ile sabuni ya kuogea anayoipenda, ya kijani. Nikapiga simu, nikasema maneno yangu yale yale.

Akavuta pumzi. "Mama, safari hii siwezi. Lakini usihangaike, nimekupatia mhasibu. Nimeshamlipa. Atakuja Jumamosi, na atakuwa anakuja kila mwaka. Hutasumbuka tena."

"Asante, mwanangu," nikasema, na nilisema vizuri tu. Kisha mteja akaniomba zipu ya inchi nane nikampa ya sita, akaja kuirudisha amenuna.

Jumamosi asubuhi akapiga hodi mzee mmoja mwenye mvi, karani mstaafu. Watu wanamwita Mzee Desimali, nadhani kwa sababu hakubali hesabu ya kukadiria tu. Miwani yake ilikuwa imefungwa waya kwenye mkono mmoja. Akachungulia ndani ya boksi.

"Mama, humu kuku wametagia?"

"Karibu kiti, baba."

Alianza kuzitoa moja moja. Ya tano akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akachukua nyingine, akazilinganisha.

"Hizi zina matundu. Matatu kila moja. Na huu uzi wa bluu je?"

"Panya hao."

"Panya anayepima kwa futi?"

Akavua miwani, akaiweka juu ya kaunta kwa uangalifu, kwa ajili ya ule waya.

"Mama, nimekaa na makaratasi miaka thelathini na moja. Nimeona watu wanaficha risiti, wanachoma risiti, wanasema mbuzi amekula. Sijaona mtu amezipanga vizuri hivi halafu akazivuruga. Mimi natia sahihi yangu hapa. Kama kuna kitu unakificha, niambie sasa."

Nilisikia masikio yakipata moto. Umri huu wote sijawahi kumpunja mtu hata kifungo. Nikatandika mkeka, nikaketi chini, nikalivuta boksi. Mikono yenyewe ilizijua: hii ya jora la lastiki, mwezi wa tano, hii ya umeme, imekunjwa pembe, mwezi wa tisa. Saa moja na nusu, mafungu kumi na mawili yalikuwa mkekani. Akazipitia zote na kikokotoo chake, akarudia.

"Hakuna hata senti iliyopotea," akasema taratibu. Hakuniuliza tena.

Fomu aliijaza kwenye kompyuta yake ndogo. Mwishoni ilidai namba ya siri, na namba hiyo huingia kwenye simu ya binti yangu, maana ndiye aliyeniandikisha. Akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Tumemaliza, binti. Nisomee namba iliyoingia kwako."

Akaisoma. Kisha: "Mmemaliza? Kwani mlianza lini?"

"Asubuhi hii."

"Mzee, mimi kazi hiyo inanilia siku tatu! Narudi mgongo hauna hamu!"

Mzee Desimali akaniangalia. Mimi nikaangalia chupa za vifungo. Angeweza kusema yote.

"Mama yako anajua kupanga," akasema. "Muulize mwenyewe." Akanisogezea simu, akatoka kwenda kwa fundi viatu, eti kiatu kinambana.

"Mama?"

"Nipo."

"Umezipanga wewe?"

"Mimi."

"Leo?"

"Leo. Na mwaka jana. Na mwaka juzi, na ule wa nyuma yake. Zilikuwa zimeshonwa kila mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nazifumua."

Huko kwake mtoto alimwita, akamwambia, "Subiri kwanza." Sauti iliporudi ilikuwa imebadilika.

"Yaani mimi naomba ruhusa kazini, naacha watoto kwa watu, nalala kwenye basi, kumbe unanichezea? Kwa nini, mama?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilikuwa na jibu tayari, lile la siku zote: uzee tu, mwanangu, nasahau. Lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Mwaka ule zilipokuwa zimepangwa, hukuja."

"Ungesema tu!"

"Ningesema nini? Wewe una kazi, una watoto. Mimi nina vifungo."

"Sasa ulikuwa unataka nini, mama? Niambie."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Nilitaka uje," nikasema. "Nataka uje, mwanangu, hata kama hakuna karatasi moja ya kupanga. Uje tu tukae."