Balozi Apatanisha Majirani

Qian Boheng alirudi kwao Shaoxing, Uchina, baada ya miaka minane ya ubalozi huko Viena, akakuta mama yake na jirani yao mjane, Bibi Lou, hawasemezani. Mmumunye wa Bibi Lou ulikuwa umetambaa juu ya ukuta ukazaa upande wa pili, naye mama akalichuma mumunye.

"Si wewe unayepatanisha wafalme?" mama alimuuliza. "Basi nipatanishe na huyu."

"Suala hili linahitaji kutazamwa kwa makini, mama."

"Ndivyo unavyowaambia Wazungu? Ndiyo maana wametumaliza."

Balozi akavaa joho lake la hariri, akaandaa chai uani, akamwalika Bibi Lou. Mjane yule aliingia amenuna. Boheng akainuka, akainama kwa adabu, na kabla hajakumbuka yuko wapi, akaushika mkono wa bibi na kuubusu, kama alivyozoea kuwafanyia mabibi wa Viena.

Boheng akaiva uso mpaka shingoni.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Bibi Lou naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi akamwegemea mama begani asianguke.

"Mwanao kaharibika, dada," alisema akifuta machozi.

"Na serikali inamlipa kwa hayo."

"Boheng, na mkono huu wa kushoto je? Utaona wivu," Bibi Lou alimtania.

Jioni ile wanawake wawili walipika mumunye kwa uduvi, wakapiga soga mpaka chakula kikapoa. Balozi alikula kimyakimya, maana kila alipofungua kinywa walianza kucheka upya.