Abiria wa Pili wa Bwana Thiemig

Siku za kazi tiketi ya mwezi ya Eckart Thiemig ilimbeba yeye peke yake. Lakini kila Jumapili ilibeba watu wawili. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye masharti yake, na Eckart alikuwa mtu wa masharti: miaka thelathini na saba alikuwa akisoma mita za gesi mitaa ya kaskazini ya Berlin, na hakuwahi kuongeza wala kupunguza tarakimu. Jumapili unaruhusiwa kumchukua mtu mzima mmoja bila nauli, mradi msafiri pamoja. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo alikuwa mkewe, Roswitha, au Rosi kama alivyozoea kumwita.

"Bila mimi wewe ni mwizi wa nauli," Eckart alikuwa akimtania wakiingia behewani.

"Na bila mimi wewe ni mzee anayezungushwa mjini bila sababu," Roswitha humjibu, huku akiketi pale pale, upande wake wa kulia.

Na kweli hawakuwa wakienda popote. Saa nane mchana walipanda treni ya mzunguko pale Schönhauser Allee, ile inayozunguka jinsi mishale ya saa inavyokwenda, wakiwa na chupa ya chai iliyojaa kahawa na vipande viwili vya keki. Treni iliuzunguka mji mzima, stesheni ishirini na saba, na baada ya saa moja iliwarudisha pale pale walipopandia. Walianza mtindo huo Juni ya mwaka 2002, njia ile ilipounganishwa tena. Siasa, kwa ukuta uliougawa mji, zilikuwa zimeikata Eckart akiwa na miaka kumi na mitatu, na pengo la mwisho kuzibwa lilikuwa kaskazini, mbele kidogo ya stesheni ya Westhafen. Siku ya kwanza treni ilipopita pale, Roswitha alipiga makofi mpaka abiria wakawageukia, na Eckart akajifanya hamjui.

Halafu ikaja Jumapili moja ya Novemba, miaka miwili iliyopita. Walipofika Westhafen, stesheni tatu tu kabla ya nyumbani, Roswitha alisema, "Eckart, nasikia baridi. Tushuke." Wakashuka. Akaketi kwenye benchi la jukwaani, uso umempauka, akasema, "Tutamalizia Jumapili ijayo." Jumapili iliyofuata Eckart alikuwa anachagua maua ya kaburi.

Tangu hapo ile nusu ya tiketi ilimkera kama taa iliyoachwa inawaka kwenye chumba kitupu. Ndipo akaanza kusimama karibu na mashine ya tiketi kila Jumapili na kumwambia yeyote anayepekuapekua mifuko, "Twende, nina nafasi ya mtu." Amewachukua manesi, mafundi bomba, bibi mmoja mwenye kasuku. Kila mmoja alishuka kwake. Eckart aliendelea peke yake hadi Westhafen, hapo akashuka, akapanda treni ya chini ya ardhi, kisha tramu, akafika nyumbani kwa kupita mbali na zile stesheni tatu. Alijiambia kwamba anamsubiri mwenzi wa kumaliza naye mzunguko, kwa kuwa hawezi kuumaliza peke yake. Uongo mtupu. Aliwahi kumpata Mbrazili mwenye begi kubwa mgongoni, aliyekuwa tayari kuzunguka naye hata mara tatu, na walipofika Westhafen mzee wetu alijishika tumbo, akaruka nje na kutoweka.

Alijua anachokiogopa. Mzunguko ukifungwa, Rosi atakuwa amefika. Ukibaki wazi, bado yuko njiani.

Sasa binti yake, Almut, alikuwa amempigia simu kutoka Leipzig. "Baba, kuanzia Juni nimekubadilishia tiketi. Hii mpya ni nafuu, na unaweza kwenda nayo nchi nzima."

"Inabeba watu wangapi?"

"Mmoja. Wewe."

"Sihitaji nchi nzima. Nahitaji watu wawili."

"Baba," Almut alisema polepole, kwa sababu na yeye alikuwa amefiwa na mama. "Nimeshasaini."

Basi siku hiyo ilikuwa Jumapili, tarehe thelathini na moja Mei, na ile tiketi ya watu wawili ilikuwa inakufa usiku. Eckart alivaa kofia yake ya heshima, akajaza chupa kahawa, akaenda stesheni akijiambia leo, leo, leo.

Mbele ya mashine alimkuta mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani, ameshika boksi la keki lililofungwa kwa uzi, akikidonoa kioo kwa kidole.

"Hii mashine inanidharau," mwanamke alisema bila kugeuka. "Nimehamia huu mji wiki ya tatu leo, na bado inataka kujua ninatoka kanda gani ya nauli."

"Iache. Jumapili tiketi yangu inabeba wawili. Unakwenda wapi, mama?"

"Gesundbrunnen, kwa dada yangu. Saa nane na nusu kahawa iko mezani. Ukichelewa, dada yangu hagombi. Anakusamehe, na kusamehewa na yule ni adhabu tosha." Akamtazama Eckart juu mpaka chini. "Mimi Gundula Petzold. Wewe si tapeli?"

"Thiemig. Nilikuwa msoma mita."

Pale stesheni treni zote mbili za mzunguko hutumia jukwaa moja, moja upande huu na nyingine upande ule. Ziliingia kwa pamoja. Ya kushoto ingemfikisha Bi Gundula Gesundbrunnen kwa dakika mbili, maana ndiyo stesheni ya jirani. Ya kulia ingempeleka kuuzunguka mji mzima kwanza. Eckart aliinua mkono amwoneshe, na mkono wenyewe akauona umeelekea kulia.

"Hii hapa," alisema.

Alikaa dirishani. Hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata usiku wa manane pasipo gari, na leo amemwibia mtu saa nzima ya maisha yake. Bi Gundula aliketi upande wake wa kulia, boksi mapajani, akalalamikia bei ya nyumba. Treni ilichanganya mwendo. Jua la Mei liliingia na kutoka, likiwapaka watu mwanga kisha likiwafuta. Prenzlauer Allee. Greifswalder Strasse. Eckart aliyasikia majina yakitajwa na ile sauti ya behewani iliyozoea kutomjali mtu, akajisikia kama mtoto anayesomewa kitu kabla ya kulala. Kwenye kioo cha dirisha, juu ya paa za nyumba zinazopita, ulikuwepo uso wake mwenyewe na kando yake bega la kijani. Roswitha naye alikuwa na koti la kijani. Au lilikuwa la bluu? Aliogopa kugeuka asije akajua.

"Bado tu?" Bi Gundula aliuliza walipofika Frankfurter Allee.

"Bado kidogo."

Walipovuka mto karibu na Treptow, Bi Gundula aliona mashua zinaelea majini, akakunja uso, akasimama kuitazama ramani iliyo juu ya mlango. Alifuata duara kwa kidole, taratibu. Kidole kilirudi kilipoanzia. Ndipo akageuka.

"Tulipopanda, Gesundbrunnen ilikuwa stesheni moja tu. Upande wa pili."

"Ndiyo."

"Umekosea, au umekusudia?"

Eckart alifikiria kusema amekosea. Uzee ungemtetea. "Nimekusudia," alisema.

"Mzee mzima! Na kofia yako hiyo kichwani!" Abiria wawili waliacha kusoma. Bi Gundula alikwapua boksi lake, akaenda kuketi safu tatu mbele, mgongo ukiwa umemgeukia.

Alikuwa ameamua kushuka stesheni inayofuata, lakini milango ilipofungwa pale Sonnenallee, vijana wawili waliovaa kama watu wa kwenda kutazama mpira walitoa vitambulisho vya ukaguzi. "Tiketi, jamani, tiketi!" Mmoja akasimama mbele ya Bi Gundula, ambaye alifungua mkoba, akaufunga.

"Yuko nami!" Eckart aliita, tiketi ameiinua juu.

Mkaguzi aliisoma, akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mnasafiri pamoja?"

"Pamoja," alisema Eckart.

"Mbona mmekaa kama watu waliotoka mahakamani kupeana talaka?"

"Kwa sababu huyu ni mwongo," alisema Bi Gundula.

"Uongo wa ndani ya nyumba si kazi yangu," mkaguzi alijibu. "Lakini masharti yanasema pamoja. Kwangu mimi safu tatu si pamoja." Akasubiri, mikono kifuani, mpaka Bi Gundula aliporudi na kuketi pale pale alipokuwa. Behewa zima lilicheka, na mkaguzi akaenda zake.

Zikapita stesheni mbili. "Haya, sema," Bi Gundula alianza hatimaye. "Na usinipambie."

Akamweleza. Juni ile na makofi, benchi la Westhafen, Jumapili ijayo isiyokuja, Mbrazili na tumbo la uongo, Almut na tiketi inayokufa leo. Hakupamba. Alipomaliza walikuwa upande wa kusini wa mji, na uwanja wa zamani wa ndege ulipita kando yao, mpana na wa kijani, watu wadogo wadogo wakirusha tiara.

"Alikuwa anakaa wapi, huyo mkeo?"

"Hapo ulipo."

Bi Gundula hakusema pole. Alijiweka sawa tu, akavuta sketi yake vizuri, kama mtu aliyeambiwa kiti alichokalia ni cha mgeni wa heshima. Baadaye akaomba kahawa. Eckart akatoa mfukoni vikombe viwili vya plastiki, wakanywa.

Wakaingia upande wa magharibi. Behewa liliwabembeleza. Eckart hakulala, lakini hakuwa macho kabisa pia. Watu waliingia na kushuka bila sauti, na kuna wakati alihisi kwamba treni ndiyo iliyosimama, mji ndio unaozungushwa nje, nguo zake zimeanikwa na madirisha yake yamefunguliwa, ili yeye na Rosi wautazame vizuri. Mkono wake ulisikia joto la mkono mwingine. Hakuuliza ni wa nani.

"Westhafen," ilisema ile sauti ya behewani.

Miguu ya Eckart ilisimama yenyewe. Kwa miaka miwili ilikuwa imejifunza kushuka hapa, na haikungoja amri. Mlango ulifunguka. Nje, benchi lilikuwa pale pale, na juu yake msichana alikuwa anakula tufaha.

Koti lake likavutwa kwa nyuma.

"Wee mzee! Unakwenda wapi?"

"Siwezi," alisema Eckart. "Bi Gundula, siwezi. Nikipita hapa atakuwa amekufa."

"Ameshakufa, baba," Bi Gundula alisema kwa upole, na hakuliachia koti. "Aliyebaki benchini ni wewe. Umeniibia saa nzima, kahawa imepoa, dada yangu ananisamehe sasa hivi. Halafu unataka kuniacha hapa? Kaa chini!"

Mlango ulipiga kengele yake na kujifunga. Eckart alikaa. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha. Nje ulipita mfereji, yakapita maghala, migongo ya nyumba, na kwenye roshani moja mwanamume aliyevaa fulana alikuwa akimwagilia maua. Stesheni iliyofuata ilikuja, ikaondoka. Lile pengo lililoukata mji miaka arobaini na mmoja treni ililivuka kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

"Kumbe ni hivi tu," alisema.

"Ni hivi tu," alisema Bi Gundula, naye akipangusa macho kwa mkono wa koti, maana hakuwa na leso karibu.

Walipofika Gesundbrunnen, Bi Gundula alisimama. Eckart alimshika mkono. "Kimebaki kituo kimoja. Twende wote, nakuomba. Ni dakika mbili."

Bi Gundula alikitazama kiti alichokiacha. "Hicho kimoja si changu," alisema. "Hiyo tiketi yako inabeba wawili mpaka usiku, au sivyo?"

"Mpaka usiku."

"Basi." Akashuka, boksi kifuani, akaanza kukimbia kuelekea ngazi kama mtu anayekwenda kupokea adhabu yake.

Watu wengi waliingia. Mwanamume mrefu mwenye kikapu cha mboga alifika pembeni ya Eckart, akakielekezea kile kiti kitupu kidevu. "Samahani, hapa kuna mtu?"

Swali hilo Eckart alikuwa ameulizwa kila Jumapili kwa miaka miwili, na kila mara alijibu kwamba hakuna, karibu.

"Kuna mtu," alisema.

Mwanamume yule akakitazama kiti, akamtazama mzee mwenye macho mekundu na vikombe viwili vya plastiki mkononi, akashika nguzo na kubaki amesimama. Treni iliondoka. Eckart alisogeza magoti kidogo, akiacha nafasi. Aliuweka mkono juu ya kile kiti, na kitambaa bado kilikuwa na joto.

Schönhauser Allee ilipotajwa, alingoja mpaka treni isimame kabisa. Kisha akasimama, akaiweka sawa kofia yake, akamgusa bega yule mwanamume mwenye kikapu.

"Ameshafika," alisema. "Sasa hakuna mtu. Kaa."