Safari Ishirini na Nane

Kuhesabu si kazi ya heshima. Unapiga magoti ukingoni mwa bwawa na kutumbukiza majini ubao wenye namba, ili mwogeleaji anapokuja kugeuka aone amefika wapi. Ikibaki safari moja, yaani urefu mmoja wa bwawa, unaficha namba, unaonyesha rangi ya chungwa tupu, naye anajua sasa ni kumwaga nguvu zote. Hapa chuoni kwetu Iowa, Maren Oldenkamp alinichagua mimi miaka minne mfululizo. Alisema sina papara. Kuogelea kwenyewe siwezi sana. Nadhani timu ilinivumilia kwa ajili ya magoti yangu.

Msimu wa chuo uliisha Februari. Maren akawa wa pili katika ubingwa wa kanda, tukala piza, yakaisha. Ila vyuo vyetu huogelea kwa yadi, katika bwawa fupi, na dunia haina habari na yadi. Aliyetaka kwenda Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu alipaswa kufika Omaha mwezi Juni, kwenye bwawa la mita hamsini, aogelee mita elfu moja na mia tano. Ni safari thelathini. Wawili wa kwanza wangechukuliwa. Maren alikuwa ameshahitimu, kwa hiyo nafasi ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Greta, ulilala lakini?" aliniuliza asubuhi ile akivaa kofia.

"Nililala. Wewe je?"

"Mimi tangu Jumanne macho makavu. Haya, leo ni thelathini tu, bibie. Wewe wa kuhesabu sitini na sita za bwawa letu! Hata bibi yako angeweza."

"Bibi yangu ana shughuli zake. Nenda kaogelee."

Kocha Pruitt akapita, akaguna. "Acheni porojo. Maren, wa pili anatosha. Usijitie ushujaa."

Alianza vizuri. Kufikia safari ya ishirini alikuwa wa pili, na msichana wa tatu yuko mita nane nyuma yake. Aliyeharibu ni mimi. Kwenye bwawa letu mtu hunirudia kila nusu dakika, na mikono yangu imezoea hivyo. Pale alichukua zaidi ya dakika nzima. Katika kungoja huko, huku nikitazama muda wake na kuchekelea kama mjinga, nikahisi nimesahau kugeuza namba. Nikageuza. Kumbe nilikuwa nimeshageuza, na kwa kuwa nakaa upande mmoja tu, kila kugeuza ni kuruka safari mbili.

Basi Maren alipokuja kumaliza safari ya ishirini na saba, alikuta rangi ya chungwa. Akageuka, akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Watu wakasimama. Nami nilipiga makofi.

Alipogusa ukuta wa mbali, mwamuzi alikuwa anapiga kengele juu ya kichwa chake, ile kengele ya kumwambia mtu bado safari mbili. Maren alikuwa ameshainua uso na kuvua miwani. Alitazama kengele, akatazama wenzake wanageuka na kuondoka. Kisha akaendelea kuogelea bila miwani, hana pumzi, na mita mia moja bado zinamngoja.

Alimaliza wa tatu, nyuma ya wa pili kwa sekunde moja na nusu.

Kocha hakukata rufaa, maana hakuna rufaa. Kanuni ni kwamba mwogeleaji ndiye mwenye dhamana ya safari zake, ubao ni msaada tu. Nilimfuata Maren alikokaa, nikiwa nimejiandaa kwa lolote.

"Nisamehe," nikasema. "Niligeuza mara mbili."

"Najua," akasema. Macho yalikuwa mekundu, labda kwa dawa ya maji. "Nilikuwa nahesabu na mimi. Nilijua kabisa ni ishirini na saba."

"Sasa mbona ulisimama?"

"Niliona ubao wako. Nikasema Greta hakosei, basi nimekosea mimi."

Heri angenitukana. Akaomba taulo, nikampa.