Shoti Yuko Kwenye Meni Swichi

...na amesema "nimezima," sawa, amesema, lakini kwa sauti gani, ile ilikuwa sauti ya mtu aliyezima au ya mtu anayetaka aaminiwe kwamba amezima, maana hayo ni mambo mawili, na Fundi Mkubwa, kichwa kimepenya kwenye tundu la dari, koleo mkono wa kulia, vidole vya kushoto vimesimama upana wa kucha kutoka kwenye waya wa moto, hakuwa tayari kuyachanganya. Chini yake karakana ya kushona nzima ilikuwa kimya kwa kukosa umeme, cherehani zimelala, mafundi wa nguo wamekaa wakipiga soga na kuchekana, na kule mwisho wa ukumbi, nyuma ya marobota ya vitambaa, kwenye meni swichi inayokata umeme wa jengo zima, yuko mdogo wake, Shoti, tumbo moja baba mmoja, na sasa hivi roho ya Fundi Mkubwa iko mkononi mwa Shoti kama sarafu ya mtoto... upuuzi, alijiambia, shika waya ufanye kazi, lakini vidole vilikataa, vidole vina akili zao. Mbona haimbi? Siku zote huimba. Marehemu baba aliyewafundisha kazi aliweka sheria moja tu, kwamba anayelinda swichi asinyamaze, aimbe, apige mluzi, atukane akitaka, ili aliye juu ya ngazi ajue swichi ina mwenyewe na hakuna mpita njia atakayeiwasha, sauti ikikatika toa mkono, na Shoti kwa kuimba vibaya hana mpinzani, wateja huomba kazi iishe upesi wapone masikio, lakini leo haimbi, leo ananong'ona, anaongea na mtu, "...yuko juu huko, hasikii..." kisha wale mafundi wa nguo wakacheka wakafunika maneno, na yakatokea tena upande wa pili, "...leo namaliza, liwalo na liwe..." Anamaliza nini? Jasho lilimtoka Fundi Mkubwa likamwingia jichoni na hakuthubutu kulifuta. Anaongea na nani? "Fundi, mbona kimya huko, umelala?" aliuliza mama mwenye karakana, na yeye akajibu, "Naangalia maungio, mama, yameungua vibaya," na wala hakudanganya, kiboksi kilikuwa cheusi, nyaya mbili zimevuliwa ganda na joto zikakumbatiana, shoti ya wazi ambayo hata mwanafunzi angeiona... shoti, ndiyo, na jina hilo mdogo wake alipewa na mama, zamani, wakati kila akiguswa anatoa cheche, anarusha kikombe, anapiga mlango teke, halafu giza, anakwenda kulala, asubuhi hakumbuki kitu, "huyu mtoto ana shoti," mama akisema huku anacheka, na mtaa mzima ukalidaka. Na Shoti wa cheche humwogopi, unamwona anavyokuja, unasogea. Lakini huyu wa sasa? Alikuja mlangoni kwa kaka yake jioni ile, baada ya kurudi nyumbani kutoka kazini na kukuta chumba cha mama, aliyekuwa akiishi naye, kitupu, kitanda bila godoro, redio hakuna, amesimama na begi lake la kazi begani, na Fundi Mkubwa alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kwa ngumi, akasema kabla ya kuulizwa, "Mama atakaa kwangu, mimi ndiye mkubwa, kwangu kuna mke wa kumpikia, wewe mseja utamtunza vipi?" na Shoti akamtazama, hakurusha kitu, hakuinua sauti, akasema, "Sawa, kaka. Utaona," akageuka. Utaona nini? Tangu hapo kimya, salamu na kazi, nipe bisibisi, shika ngazi, vidole vya Fundi Mkubwa vimekuwa vikingoja hiyo utaona, na mahali gani pazuri zaidi kuliko hapa, ajali tu jamani, kaka yangu kapigwa shoti, na watu watamlilia na kumpa pole mwuaji... Astaghafiru, huyo ni mdogo wako, ulimbeba mgongoni. Omba testa basi, upime kama waya una umeme. Lakini testa yao ni moja na iko mfuko wa shati la Shoti, na kuomba testa baada ya ndugu yako kusema amezima ni kumwambia mbele ya wateja, sikuamini, na neno hilo likishatoka halirudi, wala duka la mafundi ndugu wawili halitakuwepo tena. "...hapana, sijamwambia bado..." Mambo gani hujaniambia, ewe mwana wa mama yangu! Akatazama chini, apime akianguka ataangukia nini, na kati ya miguu ya ngazi akaona begi la Shoti liko wazi, na juu ya koili ya waya simu ya Shoti, inawaka na kutetemeka, na kwenye kioo imeandikwa Mama.

Simu iko hapa. Basi kule anaongea na nani? Fundi Mkubwa alizuia pumzi, akatega sikio, na kwa mara ya kwanza akasikiliza sauti badala ya kutafuta hila ndani yake, "...kaka, mimi sikutaka ugomvi..." kisha, "...hapana, nianze hivi, kaka, wewe ni mkubwa, sikatai..." ana nini huyu, anaongea na ukuta, anajifunza hotuba kama mshenga, hawezi kuimba kwa mtu aliyemnunia na hawezi kunyamaza kwa sababu sheria ni sheria, basi anasema lile lililomkaa kooni, analirudia, analinyoosha, "...ningeulizwa tu, kaka, hata kama ungemchukua, ungeniuliza..." na aibu ikampanda Fundi Mkubwa kutoka miguuni, alikuwa ameshamfunga mdogo wake kwa mauaji na kumbe mtu anatafuta namna ya kusema kwa adabu. Simu ikazima, ikawaka tena, Mama. Mbona anampigia huyu? Anakaa kwangu, anakula kwangu, shida yake angenipigia mimi... na wasiwasi wa zamani ukaanza kuinuka, wanapanga nini hawa wawili, ila safari hii haukupata pa kusimama, kwa sababu alimwona mama siku ile, kwenye kiti cha nyuma cha gari, amepakata redio, hakusema neno njia nzima, na yeye alifurahi, alidhani ameridhika. Kule nyuma Shoti alikuwa anasema "...ungeniuliza..." Mama mwenye karakana akaita, "Fundi, vipi?" na vidole bado viko palepale, upana wa kucha, na Fundi Mkubwa alikuwa anatafuta, anarudi akilini mlangoni, chumbani, kitandani kwa mama, anatafuta neno alilomwambia, lazima alimwuliza, haiwezekani hakumwuliza... Alisimama mlangoni, funguo mkononi, akamwambia, "Mama, vaa viatu, twende."