Mbuzi mu paseli ya Mama

Kisha kompanyi ya shaba kubomoa na bildozere kartie yao, mtaa moya ya Kolwezi, Mignonne alijenga avenue yote mu jeu ya telefone, mchezo ya kujenga mji, kila jirani na nyumba yake. Paseli ya mama yake tu, kiwanja yake ya nyumba, njo aliacha wazi, aijenge ya mwisho. Leo anafungula jeu: mbuzi moya ya kofia, mukaaji mupya wa mchezo, imekwisha kujenga nyumba pale!

"Aka! We mbuzi, nafasi yote hii haukuiona?"

"Umufukuze basi," mama yake, Mama Kalumba, alisema, akichambua sombe, majani ya mihogo.

Mignonne akafinya buton ya "Fukuza" ku telefone. Mbuzi ikauliza: "Sasa nitaenda wapi?"

Mama akaacha sombe. "Njo vile siye pia tuliuliza bale batu ba bildozere. Umuache."

Mignonne akafyonza meno, akamujengea mama nyumba pembeni ya ile ya mbuzi. "Lakini akikula maua yetu, ataniona!"